Matone ya Asubuhi

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za moyo. Natumaini goti limepoa na unapanda ngazi za kazini bila kushika ukuta. Sisi tunapumua, ingawa nyumba imepooza.

Binti yetu ametoka hospitali. Bado hasemi. Hukaa chini ya cherehani yangu akipanga vifungo kwa rangi, na ole wako ukigusa kimoja! Unajua daktari alishatueleza kwamba usonji hauna dawa ya kuuondoa, mtoto hufundishwa polepole. Na mwalimu wake alikuwa amemfikisha mahali pa kuonyesha kidole akitaka maji.

Ndipo akaja yule muuza dawa wanayemwita Profesa, kushonesha koti. Alimtazama mtoto, akasema ana uchafu tumboni unaopanda kichwani. Matone kumi kila asubuhi yangemfungua ulimi. Mimi na shemeji yako tulibishana wiki nzima. Mmoja alitaka daktari aulizwe kwanza; mwingine alisema mfa maji haachi kutapatapa. Mwishowe chupa ikaingia jikoni.

Siku ya nne mtoto alitapika damu. Daktari alisema yale yalikuwa maji makali ya kung'arishia nguo. Alipouliza nani kamnywesha, shemeji yako alijibu kwamba ni yeye. Nawe ulipofika ukamwita muuaji mbele ya wagonjwa, akainamisha kichwa tu.

Dada, si yeye. Ni mimi. Yeye alikataa katakata. Alisema hata paka hampi kitu kisicho na maandishi. Nilisubiri atoke kwenda kazini, nikachanganya kwenye maziwa. Mtoto alipogeuza uso, nilimbana pua mpaka akameza. Nilitaka aniite mama, basi.

Nilipomuuliza mume wangu kwa nini alijitwisha, alisema watu wangenila nyama, na mtoto bado ananihitaji. Lakini mtoto hanihitaji. Nikimkaribia na kikombe, hufumba mdomo kwa mikono miwili. Baba yake humlisha alfajiri, kisha mtoto anakaa na njaa hadi baba arudi jioni.

Jumatatu nitampelekea daktari chupa na ukweli wote. Wasalimie wanao, uwabusu kwa niaba yangu. Nawe usinijibu mimi kwanza. Mwandikie shemeji yako.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba