Mwezi Tulioacha Kumla Nilda

Mtaa wa Piñami,
Quillacollo, Cochabamba.
4 Oktoba

Mpendwa mdogo wangu Nilda,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Huku tu wazima, tumepungua kidogo kiunoni, na sababu yake utaisoma hapo chini. Vipi wewe huko Bergamo? Mgongo umepata nafuu? Na yule bibi unayemtunza, bado anakuita kwa jina la binti yake? Mpe pole yake, na wewe ujipe yako.

Barua hii utaipokea mkononi mwa Ivonne, binti wa jirani yetu Doña Remedios, pamoja na mkate uliofungwa kwa kitambaa cha maua. Mkate uumege sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma. Umeokwa jana na safari ni ndefu, usiungoje ukauke zaidi. Chemsha chai, keti, ule. Mimi nakungoja hapahapa.

Umeanza? Haya.

Nimeona niandike badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu sisi wawili hatumalizi neno. Ukianza kulia nami nakufuata, mara salio limekwisha na habari yenyewe haijasemwa.

Unaikumbuka siku ile ya Agosti ulipotupigia tukaonana kwenye simu. Mama aliisogeza simu mpaka puani, kwa kuwa jicho lake la kushoto sasa linaona ukungu mtupu. Ulikuwa umevaa ile sweta ya kijivu aliyokufumia ulipokuwa unaondoka, miaka tisa iliyopita, na viwiko umevitia viraka. Ukatuambia huku unacheka kwamba hata Krismasi hii hutakuja, nauli imepanda, afadhali fedha uzitume zitufae sisi. Tukakuambia Mungu akubariki. Tulikuwa mezani wakati ule, Nilda. Mbele yetu palikuwa na kuku wa kukaanga wa kununua na chupa ya soda ya lita tatu, na shemeji yako Froilán alikuwa anachokonoa meno.

Simu ilipokatika Mama hakugusa tena sahani yake. Aliitazama ile soda, akasema, "Tunamla Nilda."

Froilán akadhani ni utani. "Mama mkwe, huyu ni kuku."

"Nimesema tunamla Nilda. Viwiko vyake ndivyo hivi hapa mezani."

Hakuna aliyemaliza kula siku hiyo. Nami nilipata aibu ambayo mpaka leo haijanitoka vizuri.

Basi Mama akatoa amri. Mwezi mzima wa Septemba fedha zako zisiguswe. Zikija ziingie kwenye kopo la shayiri juu ya kabati, na sisi tuishi kwa mafriji anayotengeneza Froilán na kwa cherehani yangu, basi. Mwanangu Mirtha akaandika masharti kwenye kalenda: hakuna soda, hakuna teksi, hakuna kuku wa dukani, hakuna saltenya za saa nne. Hilo la mwisho ndilo lililouma. Wewe unatujua watu wa bonde hili, tukiwa tunakula cha mchana tunazungumza habari za cha jioni. Kumnyima mtu wa hapa saltenya yake ya saa nne, sambusa ya kuoka yenye nyama na zeituni, ikiwa moto na mchuzi wake unachuruzika mpaka kwenye kiwiko, ni kumtafuta ugomvi.

Wiki ya kwanza tulikula lawa, ile supu nzito ya unga wa mahindi, mpaka Mirtha akauliza kama kuna siku itabadilika rangi. Froilán alisema nyumba imekuwa gereza, ila gerezani Jumapili kuna nyama. Siku ya tano akarudi kazini na doa la mchuzi kwenye shati.

"Hili nini?" nikamuuliza.

"Mafuta ya friji."

"Friji la nani lina mafuta yenye zeituni?"

Akaosha vyombo wiki nzima. Mama naye, aliyetoa amri, alikataa katakata kuacha kumfukizia Pachamama, Mama Ardhi wetu, Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Alisema Ardhi hakuwapo tulipokubaliana, kwa hiyo hayamhusu. Akachuma majani uani, akamwagia tone la chicha, pombe ya mahindi iliyobaki, na moshi ukapanda vizuri tu.

Mimi nilipata taabu yangu sokoni. Doña Fortunata ndiye muuza mboga wetu tangu enzi za marehemu Baba, na sisi na yeye tunaitana kasera, kama mteja na muuzaji wasioachana. Sasa viazi vya bei rahisi viko kwenye malori ya wakulima, nyuma ya mabanda ya viatu. Nikawa napitia huko na mfuko wangu chini ya shali. Mara ya tatu nikashikwa mkono.

"Kaserita, unapita huko nyuma kama mwizi wa kuku. Nimekukosea nini?"

Ikabidi nimweleze yote, mpaka habari ya viwiko vyako. Nilidhani atakasirika. Akapanga nyanya zake upya ingawa zilikuwa zimeshapangwa, kisha akasema, "Na mimi nina wangu Uhispania." Tangu siku hiyo ananiwekea mayai yaliyopata ufa na nyanya zilizobonyea, na nyongeza juu yake.

Tulikuwa tumeanza kuzoea. Ndipo Don Ruperto wa mtaani kwetu na mkewe Doña Eulalia walipobisha hodi, Jumapili ya pili ya mwezi, wamevaa nguo za kanisani na wamebeba kapu lililofunikwa kitambaa cheupe. Mimi nililijua kapu lile tangu mlangoni. Kijana wao anaoa, na kapu kama lile halibebwi bure. Nikawa natafuta maneno ya heshima ya kuomba udhuru kabla hawajasema.

Shemeji yako alikuwa na siku kumi na tatu hajaonja kitu cha sukari. Akafunua kitambaa mwenyewe, akaona mikate ya jibini iliyonyunyizwa sukari, akala miwili kabla Don Ruperto hajakohoa kusafisha koo. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Akadhani nataka wa kwangu, akanipa.

Don Ruperto akasimama, machozi yanamlengalenga. "Mungu akulipe, Don Froilán. Umepokea kwa moyo mweupe. Basi ninyi ndio wasimamizi wetu wa keki."

Unaijua mila, mkate wa ombi ukishaliwa ombi limekubaliwa, hakuna kurudisha makombo. Keki ya ngazi tatu, Nilda, ya watu mia mbili, kwa gharama yetu. Froilán bado alikuwa na sukari kwenye masharubu.

Sasa nikuungamie, maana nikificha hili barua yote itakuwa uongo. Alhamisi iliyofuata nilipanda kwenye kiti nikashusha lile kopo. Nilijiambia ni heshima ya familia, wewe mwenyewe ungeniruhusu. Nikaenda duka la keki karibu na uwanja, nikachagua. Muuzaji akashika kalamu akaniuliza stakabadhi iandikwe jina gani. Fedha nilikuwa nimezikunja ndani ya ile karatasi tunayopewa tukizipokea, na hapo juu, mahali pa mtumaji, pameandikwa jina lako kamili. Sikuweza kulitamka lako wala langu. Nikamwambia nitarudi, nikatembea mpaka nyumbani huku nimeshika mkoba kwa mikono miwili.

Nilimwambia Mama, nikasubiri anigombeze. Yeye akainuka, akaenda uani, akaanza kutoa chupa tupu ndani ya lile tanuri la udongo. Kuku madoa, ambaye alilifanya chumba chake cha kutagia, akafukuzwa, akatulalamikia mpaka jioni. Tanuri lile lilikuwa halijawashwa tangu wiki uliyoondoka. Mkate wa mwisho uliotoka humo ulikuwa wako wa safari. Zamani tulioka kwa sababu hatukuwa na kitu. Fedha zako zilipoanza kuingia tukawa tunanunua mkate dukani, tukajiona tumeendelea.

Froilán akaziba nyufa kwa udongo na majani makavu, bila kuambiwa, maana alijua kosa ni la nani. Keki ya kwanza iliungua. Ya pili ilikuwa ngumu, hata kuku madoa aliidonoa akaiacha. Mama haoni vizuri, kwa hiyo alikuwa anaingiza mkono mlangoni mwa tanuri na kuhesabu kwa sauti. Moto ukimzuia kufika kumi, bado ni mkali. Mimi na Mirtha tulipiga mayai ya ufa mpaka mabega yakatuuma. Unga tuliununua kwa malipo ya kushona pindo za magauni ya wasindikizaji wa bibi harusi. Kopo la shayiri lilibaki juu ya kabati.

Siku ya harusi keki ilisimama ngazi zake tatu, ila ilikuwa imeegemea upande mmoja, upande wa bibi harusi. Watu wakaanza kunong'ona. Mama akasema kwa sauti ya ukumbi mzima, "Iacheni. Imeshajua nani atatawala nyumba hiyo." Ukumbi ukacheka, bwana harusi akacheka, na kuanzia hapo hakuna aliyeona kasoro. Haikubaki hata punje. Doña Eulalia alimfuata Mama jikoni akamuuliza ameinunua wapi, na Mama, ambaye sijawahi kumwona akijivuna, aliiweka mikono yake miwili mezani, imeungua vidoleni.

Tangu hapo wanakuja kuuliza mkate. Jana Mama alioka wa kuuza, mimi nikauweka langoni kwenye kapu, na kufika saa nne ulikuwa umekwisha. Wako tulikuwa tumeuficha.

Sitaki kukudanganya kwamba tumekuwa watakatifu. Gesi ilitukatikia mara mbili, Mirtha alinuna siku tatu kwa sababu ya kutembea mpaka shule, na jana hiyohiyo tulinunua saltenya nne tukazila kimya kama watu walio kanisani. Lakini tulizinunua kwa fedha ya mkate. Mwezi umekwisha, mdogo wangu, na fedha zako za Septemba zipo zote. Tumeweza.

Kwa hiyo za Oktoba usitume. Za Novemba pia usitume. Hizo uende nazo kwa wakala ukate tiketi ya Desemba, na hizi za kwenye kopo ndizo zitakazokurudisha huko ukitaka kurudi. Usije ukafikiri hatukuhitaji. Tulikuhitaji miaka tisa yote, tukazoea kukupokea ndani ya bahasha, na hilo ndilo kosa letu. Mimi dada yako ninakuomba radhi.

Daktari amemwambia Mama jicho la kushoto limechelewa, la kulia bado lina muda kidogo. Mama anasema la kulia analitunza. Tamthilia zake sasa anazisikiliza tu, amefumba macho. Nilipomuuliza analitunzia nini akaniona mjinga.

Froilán anakusalimu na anasema ukiwa na friji bovu hatakutoza kitu. Mirtha anakusalimu wewe mama yake mdogo, anataka mpimane urefu, maana ulimwacha akiwa na miaka sita. Doña Fortunata anakusalimu na kusema nyongeza zako za miaka tisa amekuwekea. Doña Remedios pia, na Don Ruperto na mkewe. Pachamama akushike miguu, na Mungu wa Mama akufunike mgongo huo unaouma.

Nimalizie na mkate. Unga aliukanda Mama peke yake, hakukubali tumguse. Akaufunga kwa kitambaa cheupe kwanza, mimi nikamwambia ukikiona cheupe utatambua, basi tukabadilisha tukaweka cha maua. Ombi letu umeshalisoma: uje nyumbani. Nami nimekujua tangu unatambaa, najua ukifika mstari huu ni makombo tu yaliyobaki kwenye sahani yako.

Basi umeshakubali.

Anayekungoja langoni na kapu,
dada yako,
Zulma