Macho ya Mama Yalikungoja

Kasongo, tarehe 14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Zakaria,

Pokea salamu za dada yako mkubwa, yaya Asma. Hujambo huko Nantes? Wifi Arlette yu mzima? Na mtoto Aziza, somo wa mama, ameshaanza shule? Sisi tunaamka, na hiyo ndiyo afya yetu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu, kila nikigusa maneno haya, mtandao wako hukatika.

Barua yako ya Julai ilifika kwa mkono wa Bulaimu mfanyabiashara. Nilimsomea mama yote, sikuruka neno. Umeeleza vizuri kwa nini mmehama tena: Paris nyumba ni finyu, Marseille kuna kelele, na Nantes tramu, ile treni ya mjini, inafika mpaka mlango wa hospitali, kuna bustani za watoto na shule ya muziki. Umeichagua miji kama mtu anayechagua mihogo sokoni, unabonyeza huu, unaacha ule. Kwa hilo sikulaumu. Hapa umeme ni wa jua, maji ni ya kubeba kichwani, na pikipiki ya kwenda Salamabila ikizama kwenye tope, hata daktari hushuka akasukuma. Ningekuwa na shahada yako ya udaktari wa macho, labda nami ningeondoka.

Ila mimi sikuahidi kitu. Wewe uliahidi. Siku ya kuondoka, baada ya dua, wanawake wa mtaa wakiwa wamejaa uani, ulimshika mama uso, macho yake yameshaanza kuingia ukungu, ukasema, "Mama, hii macho hakuna mutu ataigusa mpaka nirudi. Mukono yangu ndiyo itaifungua." Tukapiga vigelegele. Wewe ulikuwa unafurahisha watu tu, lakini mama aliishika ahadi hiyo kama nadhiri.

Mwaka juzi walikuja madaktari wa macho, wakapiga hema karibu na soko, wakawa wanatoa mtoto wa jicho bure. Mzee Salomon, kipofu wa miaka sita, alirudi kwake peke yake akisalimia watu kwa majina. Nikamsihi mama aende. Akanijibu, "Nikitoa macho yangu kwa mugeni, mutoto wangu atarudilia nini?" Nilikuandikia maneno hayo hayo. Ulijibu kwamba mnangoja likizo ya wifi.

Wiki iliyopita walirudi, nikampeleka kwa nguvu. Daktari alimulika macho yake, kisha akaniita pembeni. Mtoto wa jicho amekomaa mno, presha ya jicho ilipanda, mishipa imekufa. Hakuna tena cha kufungua. Fimbo ya mbali haiui nyoka, Zakaria, nasi fimbo hiyo tuliichonga wenyewe, kwa karanga alizouza mama miaka yote ya masomo yako.

Nina hasira nawe. Naandika wazi ili usihangaike kuitafuta katikati ya mistari.

Jana aliomba ile picha ya mji uliyotuma. Aliishika juu chini, akaipapasa taratibu, akasema, "Iko muji muzuri. Umwambie abakie kule. Huku hakuna tena kitu inamungoja." Sikumgeuzia picha.

Wapwa zako Heri na Rehema wanakusalimu. Mama anakuombea Mungu akulinde wewe na mikono yako, na mimi nimeitikia amina kwa sababu dua ni yake.

Wako akupendaye, ingawa leo kwa shida,
Yaya yako Asma