Kiti cha Bibi Verka Hakisogezwi

41 Mtaa wa Sorrel,
Garver Heights,
Pennsylvania.

19 Julai

Mpendwa Shangazi Dolores,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Walt, na hilo goti lako jipya. Bado linalia kama bawaba ukipanda ngazi? Na jua la Tucson bado linawafuata mpaka kivulini? Sisi huku wazima wote. Mama bado yuko kwenye zamu za hospitali, Baba mgongo unamsumbua lakini hakubali, mdogo wangu Josie ameng'oka jino la mbele na anatuuzia tabasamu. Mimi bado natengeneza mashine za kufulia za watu. Juzi nimejifunza majokofu kwa kutazama video tu, na jokofu la kwanza limepona, ila linakoroma kama padri baada ya chakula cha mchana.

Sasa nije kwenye lile uliloniuliza. Kwa nini mama yako hapokei simu, na akipokea anasema "namalizia mambo fulani" halafu anakata?

Shangazi, sanduku ulilomtumia lilifika tangu Pasaka. Jekundu, zuri, lina magurudumu. Bibi Verka analipenda sana na analivuta barabarani kila wiki. Lakini kaa kitako kwanza: ndani hamna nguo. Mna makaratasi ya wilaya ya shule. Mama yako ni mjumbe wa bodi ya shule.

Usinipigie simu kabla hujamaliza kusoma! Alinikataza kukwambia mpaka mambo yaishe, na sasa yameisha, kwa hiyo nimeachiliwa mdomo.

Yote yalianza na Bwana Fritz Anstett, yule wa duka la rangi. Alikuwa mjumbe wa bodi miaka na miaka. Msimu wa baridi akaanza kuhudhuria vikao kwa simu, eti ana mafua. Mafua gani hayo, wiki baada ya wiki! Siku moja anatoa hoja kuhusu mabasi ya wanafunzi, watu wote wakasikia mawimbi, kisha mtu akauliza kwa sauti, "Fritz, na barafu nikuongezee?" Kumbe jamaa kahamia Florida, anatuongozea shule akiwa ufukweni na kaptula. Akaondolewa. Bodi ya watu tisa ikabaki na wanane, na hao wanane wamegawanyika katikati kama tikiti maji.

Kilichowagawa ni shule ya Mtaa wa Hazel. Ile ile uliyosoma wewe na Baba, na Josie yuko hapo sasa. Upande mmoja, chini ya mwenyekiti Lenny Kosko wa duka la mazulia, ulitaka ifungwe. Upande wa Bi Pam Ostrander ulisema ng'o.

Na pesa ndiyo kiini. Unajua huku shule zinakula kodi za nyumba. Toka lile duka kubwa ulikokuwa unauza viatu lifungwe, kodi yake nayo ikaenda, na pengo likatuangukia sisi wenye vibaraza. Jimbo linatoa chake, lakini ni kama kumwaga kikombe cha maji kwenye kisima. Wenzetu wa Chartley kule kilimani wana maduka, wana bwawa la kuogelea ndani ya shule. Sisi tuna paa la Hazel linalovuja na ubao wa matokeo uwanjani unaowaka kama kasino, maana mwaka ule tulishinda, watu wakapandwa na wazimu. Kwenye mitihani ya jimbo, kusoma tuko katikati. Hesabu tuko chini, na ukiisoma bajeti yetu unaona zimetushinda tangu zamani. Nimeisoma yote mwenyewe, Shangazi, ukurasa kwa ukurasa, kitandani, hata Baba akasema nitafute mchumba.

Sasa Bibi. Bibi alikuwa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Ikija ankara ya kodi ya shule, analaani kwa Kislovaki mpaka mbwa wa jirani anaingia chini ya gari. "Wezi! Wezi wenye tai!" Halafu anakwenda jikoni, anaoka mkate wa kokwa za jozi, anawapelekea walimu wa Hazel. Na Josie akitoka shule, hatua chache tu, yuko kwa Bibi, wanakunja pierogi, zile sambusa zake za viazi za kuchemsha, na kuibiana kwenye karata. Bibi alituambia waziwazi mezani: "Hazel ikifungwa, mtoto atapelekwa kwa basi ng'ambo ya barabara kuu, arudi giza likiingia. Mimi nitakaa na nani, na tanuri? Nauza nyumba, nakwenda kwa Dolores nikakauke."

Najua, Shangazi. Najua moyoni uliomba ifungwe. Sikulaumu, chumba umeshakipaka rangi.

Basi, mwezi wa pili, theluji mpaka magotini, kikao kikaitishwa kwenye bwalo la Hazel. Watu walijaa! Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, nusu yao wametoka kanisani kula samaki, ukumbi mzima unanuka mafuta. Bibi kachelewa. Na kaja na kiti chake, kwa sababu vile vigoda vya watoto vinamuua nyonga. Unajua kiti gani? Kile cha kijani, cha mikanda ya plastiki, mguu mmoja umefungwa utepe. Kiti cha marehemu Babu cha kushikia nafasi ya gari!

Unaikumbuka sheria ya mtaa. Umechota theluji kwa koleo mbele ya nyumba yako, umeweka kiti, hapo ni pako mpaka theluji iyeyuke. Haijaandikwa popote, lakini afadhali uguse altare kuliko kiti cha mtu. Na kiti cha Babu kilikuwa na historia. Lenny Kosko huyu huyu, alipokuwa kijana mwenye nywele, alikisogeza akaegesha gari lake. Asubuhi alilikuta limemwagiwa maji kwa mpira, limeganda kama keki ya harusi. Alikwenda kazini kwa miguu siku tatu.

Bibi akaangalia huku, akaangalia kule, hakuna pa kukaa. Akaona pengo kwenye meza ya bodi, pale alipokuwa akikaa Fritz. Akapita katikati ya watu, akakikunjua kiti chake, tyaa! Akakaa, akaweka mkoba mapajani.

Kosko akainamia kipaza sauti. "Bi Verka, samahani sana, hapo ni mahali pa mjumbe."

"Mjumbe yuko wapi?"

"Yuko Florida."

"Basi hajaweka kiti."

Ukumbi ukavunjika mbavu. Kosko akainuka, uso mwekundu, akanyoosha mkono kwenye egemeo la kile kiti. Weee! Bwalo zima likaunguruma. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Lenny! Gari lako liko wapi, Lenny?" Mwingine, "Nani ana mpira wa maji?" Kosko akamwangalia polisi wa mji pale mlangoni, polisi akaangalia dari. "Mimi ni wa mtaa huu, Bwana Kosko," akasema. "Mke wangu ataniuliza." Mkono ukarudi mfukoni.

Mwanasheria wa bodi, kijana aliyeletwa kutoka mjini, akapekua kitabu chake cha sheria mbele na nyuma. Akasema kwa unyonge kwamba nafasi hujazwa kwa kura za wajumbe waliobaki, na kuhusu viti vya kukunja sheria imekaa kimya.

Na walikuwa wameshajaribu watu wawili usiku ule, kila mmoja kura nne kwa nne. Hapo Bi Ostrander macho yakamwaka. Akapendekeza jina la Veronika Hudak, maana anajua Bibi anavyoipenda Hazel. Mimi nikangoja Kosko arushe mate. Akatabasamu! Kwa sababu yeye naye amemsikia Bibi akilaani kodi pale kwa mwoka mikate kila mwaka. Kila upande ukadhani umepata mtu wake. Kura zote nane, ndiyo. Bibi akala kiapo palepale, amekaa, eti nyonga.

Shangazi, wiki zilizofuata nyumba ya Bibi iligeuka Betlehemu. Mamajusi kila siku! Kosko akaja na koleo akaondoa theluji mbele ya mlango. Bi Ostrander akaja baada yake, akakuta imeshaondolewa, akaondoa ya jirani. Huyu analeta nyama ya nguruwe ya Pasaka, yule analeta supu. Bibi anapokea zote, anashukuru, anafunga mlango. Nikamuuliza, "Bibi, utapiga kura wapi?" Akasema, "Kwanza tule."

Lakini nilimwona jioni akimwangalia Josie akiandika kazi yake pale mezani, na ile ankara ya kodi imebanwa na sumaku kwenye jokofu juu ya kichwa cha mtoto. Hakuwa anacheka. Akihifadhi shule, kodi itapanda, na yeye mwenyewe anaishi kwa pensheni ya Babu. Akiifunga, nyumba itakuwa kimya. Nikamwoshea vyombo.

Siku ya kura, Kosko akasema Hazel ina vyumba vingi vitupu ghorofani, kupasha joto vyumba vitupu ni ujinga. Bi Ostrander akasema watoto si mazulia ya kukunjwa na kuhamishwa. Wakarushiana hivyo mpaka Bibi akagonga meza kwa kijiko. Sijui kijiko alikitoa wapi.

"Lenny kasema kweli," akasema. Upande wa Ostrander ukashika vichwa. "Vyumba vitupu ni dhambi. Mtu asogee." Kisha akamgeukia mkurugenzi wa elimu, Dakta Whitcomb, mtu mpole, tai yake ina penseli ndogondogo. "Wewe ofisi yako iko wapi, mwanangu?"

"Tumepanga ofisi kule kwenye majengo ya Bustani za Biashara, Bi Hudak. Karibu na daktari wa meno."

"Ile yenye chemchemi mlangoni?"

"Chemchemi ni ya mwenye jengo."

"Na kodi ya pango ni yetu. Njoo ukae Hazel, ghorofani. Kiti kitupu hukaliwa."

Dakta akasema pana kelele. Bibi akasema, "Ni shule." Watu wakapiga makofi mpaka vigoda vikaanguka. Kosko akakaa akipiga hesabu kwenye kiganja, akaona pango linaokolewa, chumba kinajaa, na yeye ataonekana mshindi. Akainua mkono. Hazel imebaki! Wajumbe wawili tu walikataa, na mmoja nadhani alikuwa amelala.

Ofisi ilihama mwezi wa nne. Dakta Whitcomb kapewa chumba kilicho ubavuni mwa darasa la muziki, na darasa la Josie wanajifunza filimbi. Wimbo mmoja, kila siku, kila mtoto na mahali pake pa kukosea. Paa lilipovuja juu ya meza yake, Shangazi, mafundi walifika kesho yake! Miaka sita watoto walikuwa wanaweka ndoo.

Lakini pango halikutosha kuziba kila kitu. Mwezi wa sita bodi ikapitisha bajeti, kodi ikapanda kidogo, na Bibi alipiga kura ya ndiyo. Juzi ankara ikaja. Akaifungua kibarazani, akavaa miwani, na mbwa wa jirani huyoo, chini ya gari. "Wezi! Wezi wenye tai!"

Nikamwambia, "Bibi, mmoja wao ni wewe."

Akaikunja ankara. "Basi nitamsema huyo kwanza," akasema, "halafu nitakwenda kwa Lenny." Kisha akamwita Josie waje wakunje pierogi.

Kwa hiyo haji, Shangazi. Usimkasirikie. Nilimuuliza nikuandikie nini kuhusu chumba, maana najua ulivyohangaika nacho, na nilimwona macho yamelowa kidogo. Akasema nikwambie hivi: chumba ni chake, asipewe mtu. Weka kiti mlangoni, kama kile cha Babu. Theluji yake bado haijayeyuka huku; ikiyeyuka atakuja.

Nisalimie Walt na yule mbwa wenu anayeogopa paka. Mama na Baba wanakusalimu sana, Josie anakutumia jino lake ndani ya bahasha hii, usilitupe. Mungu akulinde na jua, akulainishie goti, atukutanishe meza moja kabla pierogi hazijapoa.

Mimi, binti wa kaka yako anayekupenda hata ukikasirika,

Tilda