Sukari Haitwangwi na Mtu Mmoja

Mama,

Assalamu alaykum huko uliko. Najua ungekuwepo ungenicheka: mkaza mwana kumwandikia barua mavyaa wake, tena mavyaa aliye kaburini! Wenzangu wanaomba mavyaa zao wanyamaze japo siku moja, mimi wangu amenyamaza na ninahangaika. Lakini leo nimetwanga sukari bila ya wewe, Mama, na nisipokwambia wewe nimwambie nani?

Zuwena anaolewa Ijumaa. Ndiyo, huyo huyo mjukuu wako uliyekuwa ukimwita mke mwenzio. Kijana ni wa Shumba Viamboni, mtulivu, ana haya mpaka unamwonea huruma. Akija hapa anaamkia hata kuku. Nankhatai za wageni zinatoka kwetu, zitoke wapi tena? Chake nzima inajua nankhatai za nyumba ya Bi Mize. Nani angethubutu kuwatolea watu biskuti za pakiti kwenye arusi ya nyumba hii?

Wifi yangu ameniletea blenda kutoka Unguja. "Wifi, acha kinu, dunia imekwenda mbele." Haya, nikaijaribu. Ikanguruma, ikapata moto, sukari ikaganda pembeni kama gundi, na kabla sijaikwangua umeme ukakatika. Nilicheka peke yangu jikoni, halafu nikalia. Nimeirudisha kwenye boksi lake, na nimemwambia wifi ni nzuri sana kwa juisi ya maembe.

Wallahi Mama, ulikuwa fundi. Nilipoletwa hapa mwari sijui kuchemsha hata chai, nilidhani sukari ya unga inazaliwa hivyo hivyo kwenye mikebe ya Wahindi. Wewe ukanitoa uani, ukaniwekea sinia juani. Sukari ya gunia la bandarini Wesha imeshavuta chumvi ya bahari njia nzima, ukasema, kwanza mpe jua la saa sita, umfunike kanga nyepesi nyuki wasimle. Kinu cha sukari ni chake, bizari haikijui, wala kitunguu thomu hakikijui. Halafu mtandio mkuukuu unafungwa kinywani mwa bakuli, unachekecha polepole, kinachobaki juu kinarudi kinuni. Mwisho kijiko cha unga wa muhogo mkavu, sukari isishikane. Na kila mara ulichukua kidogo, ukakisugua kwa vidole karibu na sikio. "Ikisema, bado. Ikinyamaza, imekuwa." Mimi nilikuwa nasugua sisikii kitu, wewe unatikisa kichwa: "We mwana, hiyo inapiga kelele!"

Lakini kubwa ulilonifundisha ni kwamba sukari haitwangwi na mtu mmoja. Mtu mmoja anachoka, anapumzika, na akipumzika unyevu wa Pemba hii haumsubiri. Sukari inashika donge. Inataka michi miwili, huyu akiinua yule anashusha, mpaka iishe. Na mchi wa pili ulikuwa wa Bi Raya, siku zote. Nyumba yake na yetu kichochoro tu kinazitenga. Mlianza kutwanga pamoja kabla mimi sijazaliwa.

Nitakwambia jambo ambalo sikuwahi kukwambia, maana ulikuwa hupendi kusifiwa. Vile vyama vingi vilipoingia, nilikuwa bibi arusi mbichi humu, na niliona mambo. Watu wamehama maduka. Watu wanaacha gari inapita kwa sababu ya dereva wake. Mtu anafiwa, jirani yake anamkalia ndani. Nyumba yetu bendera hii, nyumba ya Bi Raya bendera ile, na mumewe, Mzee Faki, Mungu amrehemu, akampiga marufuku kutia mguu kwetu. Ikaja Sikukuu, sukari imeshaanikwa. Mimi nikasema, Mama, nitashika mimi mchi wa pili. Ukasema, "Wewe shika bakuli."

Ukakibeba kinu mwenyewe, ukakitua katikati ya kichochoro, si kwetu si kwao. Ukaanza. Na hukutwanga kama mtu aliye peke yake, Mama. Ulipiga, ukaacha. Ulipiga, ukaacha. Ile nafasi ya mchi wa Bi Raya ulimwachia wazi, pigo kwa pigo, kama yupo. Jasho linakutiririka, sukari imeanza kushikana, watu wanapita wanakutazama, mmoja akauliza, "Bi Mize, mwenzio yuko wapi?" Ukajibu, "Anakuja." Basi! Nilitaka ardhi inimeze kwa aibu. Sasa nikikumbuka, natamani ningekuwa nimesimama kifua mbele.

Na alikuja. Mlango ukafunguka, Bi Raya huyo, mchi wake wa mti wa msitu wa Makangale mkononi, buibui limekaa upande, akaingia kwenye ile nafasi bila ya salamu, tu! Mkatwanga mpaka ikaisha. Mzee Faki alitoka, akawatazama, akarudi ndani. Nankhatai za mwaka ule ziliyeyuka mdomoni. Mpaka leo sijamwona mtu aliyefanya siasa kubwa kuliko ile, na kwa neno moja tu.

Sasa nikwambie la leo.

Bi Raya alikuosha yeye. Hilo nadhani unalijua. Alikaa na sisi mpaka khitma. Baada ya hapo akafunga mlango, hakutia tena mguu. Nikimpelekea kitu, mjukuu wake anapokea mlangoni, "Bibi amelala." Kadi ya arusi tumepeleka, kimya. Na uchaguzi unakaribia tena, Mama, maneno yameanza kuchacha huko mabarazani. Hamadi mwanao akasema, "Nilijua. Mama ndiye aliyetushikanisha. Sasa Mama hayupo, wamerudi kwa wenzao." Akataka tumwache. Nikamwambia, mume wangu, tukitengana na watu hawa leo, na Zuwena anaona, basi hatatushikanisha mtu tena. Lakini niliona ameshavunjika moyo.

Basi leo saa sita nikakitua kinu kichochoroni. Zuwena akashika bakuli, piko la arusi bado halijakauka vizuri mikononi, namkemea asiguse kitu. Nikapiga, nikaacha. Nikapiga, nikaacha. Mama! Mchi ule mzito! Wewe uliwezaje, na umri ule? Mlango kimya. Nikapiga, nikaacha, mabega yanawaka, sukari inaanza kushikana. Mlango kimya. Wewe ulikuwa na subira ya kungoja. Mimi, unanijua, sina. Nikautupa mchi, nikaenda kugonga kwa ngumi, unga wa sukari umenijaa usoni kama mzuka.

"Hodi, Bi Raya! Kama ni chama niambie ni chama, nijue moja!"

Sauti ikatoka ndani, ndogo: "Karibu, mwanangu. Sukuma, haujafungwa."

Nilimkuta kitandani amekaa, analia. Amesikia kila pigo. Akajaribu kuuinua mkono wa kulia anionyeshe, ukafika kifuani ukagoma. Tangu mfungo hauinuki. Akasema, "Mchi siuwezi tena, Salama. Na Mize hayupo. Nije kufanya nini pale? Nikae nitazamwe kama mgeni?"

Nikakaa chini kwenye sakafu. Nikamwambia tulivyodhani, yote, na maneno ya Hamadi nikamwambia. Akanitazama, machozi bado yanamtoka, akaanza kucheka mpaka akakohoa. "Lahaula! Mimi bega linaniuma, nyie mnanitia chamani!"

Ndivyo nchi yetu ilivyo, Mama. Mtu akinyamaza tunamhesabia upande. Hatuulizi tena kama anaumwa.

Nikamtoa polepole. Mjukuu wake akauchukua ule mchi wa Makangale, mimi na yeye tukatwanga, Bi Raya akakaa juu ya mbuzi ya nazi anachekecha kwa mkono wa kushoto na kututukana. "Nyie mnatwanga au mnaua nyoka?" Majirani wakatoka. Akina mama wa pande zote mbili wakasogea, huyu na samli, huyu na hiliki, na kila mmoja anatoa ushauri asioombwa. Ile sukari imekuwa nyeupe, laini, sijapata kutengeneza kama ile. Naisema mwenyewe, na wewe usingenibishia.

Hamadi alirudi kutoka sala ya alasiri akalikuta baraza hilo. Alisimama pale na viatu mkononi. Halafu mwanao, yule mgumu, akapiga magoti mbele ya Bi Raya, akaushika ule mkono usioinuka. Akasema, "Mama Raya, Ijumaa Zuwena hana bibi wa kumtoa ndani. Utamtoa wewe?"

Bi Raya akamvuta kichwa, akamlaza kifuani.

Basi ndivyo ilivyo, Mama. Ijumaa Bi Raya atakaa mahali pako. Atavaa kanga yako ile ya mwisho, nimempa, nisamehe kama uliniwekea mimi. Kufa kwako nakuonea uchungu kila ninapowasha moto, sitakudanganya. Lakini nakuahidi hivi: nikiuona mlango wa mtu umefungwa, nitabisha kwanza, ndipo nifikiri. Na Zuwena nitamfundisha hivyo hivyo, kabla sijamfundisha nankhatai.

Mola alifanye kaburi lako bustani, mwalimu wangu. Sasa niache, Bi Raya ananiita. Anasema tanuri limepoa na mimi nimekaa naandika.

Mkaza mwana wako,
Salama