Mguu wa Kulia Mbele

Nyumba ya Kotnik,
Zgornje Jelovje,
Pohorje, Slovenia.

19 Machi 2019, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu

Mpendwa mdogo wangu Zdenko,

Neno hilo la kwanza ni la mama. Amekaa hapa kando yangu, na hataki barua ianze bila "mpendwa". Ingekuwa shauri langu, ningeanza na jina lako tupu.

Hujambo huko Kanada? Wifi Colleen hajambo, na watoto? Goti lako la kushoto, lile ulilokuwa ukilipaka dawa ya farasi ya Drago bila kumwomba ruhusa, linaendeleaje? Sisi huku tunashukuru Mungu. Mama ametimiza themanini na saba, sukari imetulia, ila macho ndiyo basi tena, sasa anaona mwanga wa dirisha tu. Mume wangu Drago anakohoa na anakataa kwenda kwa daktari, kama kawaida yake. Ng'ombe yule mwenye doa amezaa ndama jike. Theluji bado imefika usawa wa dirisha upande wa kaskazini.

Barua yako imefika Jumamosi. Nimeisoma mara tatu: mara ya kwanza peke yangu, ya pili kwa Drago, na ya tatu kwa mama. Kwa mama niliruka mstari mmoja, na unajua ni upi.

Unataka nikutumie picha ya zamani iliyo ukutani juu ya tanuri la mkate, pamoja na ubao wa theluji wa manjano ulio darini, ukavitundike kwenye shule yako ya kuteleza, "ili wanafunzi wauone mwanzo wangu." Mwanzo wako! Nilipofika hapo chai ilinipalia.

Jibu langu ni hapana. Na kwa kuwa Januari nilinyamaza siku tisa nzima za ziara yako, leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Uliniandikia mwezi wa Novemba: "Dada, hoteli za kule juu mlimani zinachuna watu ngozi, tufanyie bei ya kindugu." Nikakufanyia. Euro ishirini na sita kwa kitanda na kifungua kinywa, wanafunzi wako kumi na mmoja na wewe wa kumi na mbili, na mimi na Drago tukahamia chumba cha juu ya zizi. Kwa bei hiyo wageni wangu wa kila mwaka, Wacheki, hujipikia wenyewe. Wako walipikiwa žganci, ugali wetu wa huku, na mafuta ya nguruwe, supu ya kabichi chachu, na mkate wa tufaha kila jioni. Yule kijana wako mwenye ndevu aliyaweka mabuti yake magumu juu ya tanuri la moto, na kibao cha kukataza kipo pale kwa lugha nne. Plastiki ikalegea ikabonyea, kesho yake akatembea kama bata. Sikusema kitu. Mgeni ni mgeni.

Lakini wewe si mgeni. Wewe ulizaliwa katika nyumba hii, na ulipita sebuleni na viatu vya nje siku zote tisa, ndara zako zimekaa mlangoni zikikutazama. Hilo nalo nilinyamaza.

Sasa tuje kwenye mlo wa mchana wa Jumapili. Ulisimama na glasi chini ya ile picha. Picha yenyewe kila mtu anaijua: mtu amelala ubavu juu ya ubao wake, karibu aguse ardhi, mkono unasugua theluji, vumbi la theluji limemfunika uso, na nyuma yake kuna mnara wa kanisa letu. Ukawaambia kwa Kiingereza: "Huyu ni mimi. Baridi ya mwaka tisini na mbili. Nchi hii nzima hakukuwa na mwingine wa kulala hivi!" Wakapiga makofi mpaka vijiko vikaruka.

Mimi nilikuwa mlangoni na sufuria ya supu. Kiingereza changu ni cha jikoni, lakini hicho kilitosha. Mama hajui hata neno moja. Alisikia makofi tu, akanishika aproni.

"Marjeta, wanamshangilia nani?"

"Vinko, mama."

Akatabasamu mpaka masikioni. "Ahaa! Kumbe Zdenko anawasimulia habari za marehemu ndugu yake. Mtoto mzuri."

Umesikia? Nilimdanganya mama yangu mezani kwake ili wewe usiaibike mbele ya wageni wako. Funika kombe mwanaharamu apite, nilijisemea. Nikagawa supu. Sahani yako niliijaza kabla ya za wengine.

Ulidhani hakuna aliyejua. Siku ya Jumatano nilikuwa kwenye chumba cha kukaushia nikiyageuza mabuti yenu, akaingia mzee Haldane, yule mkubwa kuliko wote katika kundi lako, mwenye nywele nyeupe na adabu. Akanisaidia kugeuza. Halafu akasema polepole ili nielewe:

"Mama mwenye nyumba, yule wa pichani ametanguliza mguu wa kulia. Kiongozi wetu anatanguliza wa kushoto. Nimemfuata nyuma siku sita, mgongo wake naujua kuliko wa mke wangu."

Nikajifanya sijaelewa. Akaendelea kwamba alikwishakuuliza, nawe ukamjibu picha ilisafishwa kinyume, kulia ikawa kushoto. Hapo akacheka, akaniita dirishani.

"Mnara wa kanisa lenu uko upande gani?"

"Kushoto."

"Na pichani?"

"Kushoto."

"Basi na kanisa nalo waligeuza?"

Njia ya mwongo ni fupi, Zdenko, na yako iliishia dirishani kwangu.

Na huo ubao unaouomba! Umesahau jinsi ulivyo? Mbao za miaka ile zilikatwa mshazari, ubavu mmoja umesogezwa nyuma kuliko mwenzake, kwa kufuata miguu ya mwenyewe ilivyokaa. Ni kama kiatu, hauna kubadilishana. Ule wa manjano ni wa mtu anayetanguliza kulia, na hata mtoto wa hapa kijijini aliyevaa buti gumu msimu mmoja ataliona hilo akiutazama tu. Ungeutundika ukutani kwako, na mzee yeyote wa mchezo huu angeingia mlangoni, akatazama ukuta, akatazama miguu yako, akaondoka anacheka. Ningekuwa adui yako wa kweli ningekufungia huo mzigo leo leo.

Acha nikukumbushe ni wa nani, maana naona umesahau. Ni wa Vinko, ndugu yetu. Aliununua kwa mshahara wa majira yote ya joto kwenye kiwanda cha mbao. Mabuti alinunua kwa Waaustria, yamekwishavaliwa, namba arobaini na moja, akayakaza kwa waya. Alikwenda kwenye mashindano ya ng'ambo ya mpaka bila senti ya malazi, akalala kwenye vituo vya basi na mabuti chini ya kichwa ili yasiibwe. Kuna mwaka mwanamke mmoja wa kule alimlaza ghalani mwake, akampa supu ya moto na kukataa malipo. Vinko aliporudi akaniambia: "Dada, nasi siku moja tuwe na nyumba ya hivyo." Ndiyo sababu kitanda hapa ni ishirini na sita, na ndiyo sababu hata wewe ulipata pa kulala.

Oktoba ya mwaka tisini na tano msonobari ulimwangukia akiwa na miaka ishirini na mitano. Hakuacha mtoto wala medali. Wewe una mke, una shule, jina lako limeandikwa ubavuni mwa gari. Yeye ana picha moja tu, na hata humo uso hauonekani. Hiyo moja ndiyo uliyoitamani? Kweli, Zdenko? Naona haya kwa niaba yako, na naandika hivyo wazi.

Na bado sijamaliza. Mlipoondoka nilipanda darini kufagia. Mabuti ya Vinko nikayakuta yamehama mahali pake. Kibano cha chuma cha buti la kulia kimevunjika, na gamba la plastiki limepasuka kutoka kisigino hadi kifundo. Panya hawavunji vibano. Kuna mtu alilazimisha mguu wa arobaini na nne kwenye buti la arobaini na moja. Ulifikiri buti gumu ni kofia ya kujaribiana sokoni? Natumaini liliuma. Natumaini ulichechemea mpaka uwanja wa ndege.

Nilitaka haya yote yabaki kati yetu wawili. Lakini Jumamosi, nilipomaliza kumsomea mama barua yako, akasema, "Umeruka."

"Hapana, mama."

"Marjeta, mimi ni kipofu, si kiziwi. Pumzi yako ilikatika. Soma."

Nikasoma. "Ili wanafunzi wauone mwanzo wangu." Alikuwa anamenya tufaha. Alilimenya mpaka mwisho, ganda likatoka zima, ndipo akasema: "Kwa hiyo Jumapili ile makofi yalikuwa ya Zdenko mwenyewe."

Nikaikunja barua.

"Na wewe uliniambia ni ya Vinko."

"Nilikosa, mama. Nisamehe."

"Nilifurahi wiki nzima," akasema. Basi. Hakulia. Ningependelea alie, maana kilio ningejua la kukifanya.

Usiku huo hakula, asubuhi hakula. Jana ndiyo akaniita na kuniuliza swali ambalo katika hasira zangu zote sikuwahi kujiuliza. "Ile picha ilipigwa na nani?"

Nikasimama pale na ufagio wangu kama mti.

"Umesahau na wewe," akasema mama. "Zdenko aliazima kamera ya padri. Alilala kifudifudi kwenye theluji tangu kifungua kinywa mpaka kengele ya saa sita, Vinko anapanda anashuka, anapanda anashuka, ili apate mara moja tu iliyo sawa. Alirudi vidole vimekuwa vya buluu. Nilivikanda kwa maziwa ya uvuguvugu, na kucha mbili ziling'oka."

Nikaitoa picha ukutani nikaitazama vizuri, nadhani kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini. Pembeni chini, kwenye theluji, kuna kivuli cha mtu amelala. Ni kichwa na viwiko viwili. Ni wewe, mpumbavu wewe. Ulikuwa humo siku zote.

Na hilo ndilo linalonikasirisha kupita yote. Ulikuwa na lako la kusimulia, la kweli, ambalo hakuna mzee wa kulipima dirishani. Ungesimama na glasi yako useme: "Huyu ni ndugu yangu marehemu, na mimi ndiye niliyemlalia theluji asubuhi nzima ili nimpige picha." Wangepiga makofi yale yale. Mama angefurahi vile vile, na furaha hiyo isingekuwa ya uongo. Ulitupa chako ukaiba cha maiti.

Haya, matangazo. Vitanda vyote vya Januari ijayo nimewapa Wacheki. Watu wako watafute hoteli ya kuchuna ngozi. Mzee Haldane peke yake anakaribishwa, na nimeshamwandikia. Mabuti ya Vinko, Drago anayaunga kwa riveti, hayatavaliwa, lakini hatutaki yakae yamepasuka. Ubao unabaki darini.

Picha pia inabaki. Lakini ndani ya bahasha hii utakuta nakala yake niliyoitoa mjini Zreče. Usishangae maandishi yaliyo juu, kwenye anga. Mama aliomba kalamu ya wino mnene. Nilimwonyesha kwa kidole karatasi inapoanzia, mengine yote ni mkono wake. Mstari wa kwanza: VINKO KWENYE UBAO. Wa pili: ZDENKO KWENYE THELUJI. Herufi zimepanda na kushuka kama kuku ametembea, na ile Z ya jina lako ameiandika mara mbili kwa sababu hakuwa na hakika kama ya kwanza ilitokea. Ukitaka kuitundika, itundike hivyo. Ukiona haya, mkasi unao, kata anga. Utakuwa umekata mkono wa mama.

Nisalimie wifi Colleen, hana kosa lolote. Wabusu Tilen na Neža, waambie shangazi yao amewafumia soksi, zitafuata na posta ya Pasaka pamoja na kipande cha potica, ule mkate mtamu wa jozi. Drago anakusalimu, anasema dawa ya farasi imekwisha na anajua aliyeimaliza. Mungu akulinde barabarani na mlimani, akupe goti zima na ulimi mnyofu, hasa huo wa pili.

Mama anasema Jumapili ya Pasaka, baada ya misa, umpigie simu. Atakuwa amekaa kando yake tangu saa nne. Atakuuliza swali moja tu: nani yule pichani? Mimi nimekatazwa kuwa chumbani.

Dada yako akupendaye, leo kwa taabu,

Marjeta