Kwenu Wapi, Veronika?

Veronika shoga yangu,

Hii ni masika ya pili tangu tukuzike, na bado kila Jumatatu nakwenda halmashauri. Nakwenda peke yangu. Nikikaa kwenye lile benchi la mapokezi najibana pembeni kukuachia nafasi, halafu nakumbuka. Wewe na makalio yako yale, nani mwingine nitamtania?

Nyumba zimekwisha, zile ambazo serikali kuu ilileta fedha zijengwe badala ya vyumba vyetu vibovu vya kambi ya mkonge. Choo kiko ndani, Vero. Ungecheka. Lakini kwenye orodha ya wanaopewa jina lako halimo, na mwanao Neema, anayekaa chumbani kwako na watoto wake, ameambiwa ahame. Ahamie wapi? Yule mumewe wa kijiji cha Sindeni alishamwacha.

Ni mimi niliyekuharibia. Unakumbuka ile fomu? Miwani yako uliisahau kwenye basi la Korogwe, ukanipa kalamu. Palipoulizwa kwenu wapi ukasema, "Andika Kasulu, wapi pengine?" Nikaandika. Kasulu hujawahi kufika. Aliyetoka huko ni babu yako, alipokuja kukata mkonge, lakini sisi watu wa kambi ndivyo tulivyo: tukiulizwa kwetu, tunataja kwa babu. Mimi niliandika Handeni, hapa jirani, kwa kuwa baba alikuwa Mzigua, nikapita. Nyinyi mlioandika Kasulu, Songea na Njombe mkaitwa wageni, na nafasi zenu wakapewa watu ambao hawajui hata mkonge unavyochoma.

Nilikasirika mpaka chakula kikanishinda. Nikamwomba diwani masharti ya zile fedha. Akanizungusha mpaka akachoka mwenyewe, akanipa. Kiswahili cha masharti hayo ni cha wazi kabisa: waliokuwa wakiishi kambini wapewe kwanza, bila kuangalia asili ya mtu. Na halmashauri ilitia saini.

Juzi nikasimama mkutanoni nikayasoma. Sikuzoea, maana msemaji ulikuwa wewe, mimi kazi yangu ilikuwa kukuvuta kanga ukizidisha. Afisa akauliza nadai nini wakati nyumba ninayo, na huyo marehemu kwao ni Kasulu.

Nikamwambia, "Kaburi lake liko nyuma ya kisima chetu. Kwao ni hapo."

Mwisho wakakubali orodha ipitiwe upya, na Neema asiguswe kwanza. Funguo zangu sijachukua. Naona aibu kuingia kwenye nyumba mpya huku wewe umeandikwa mgeni kwa mwandiko wangu. Kwa hiyo niko chumbani kwangu palepale. Neema ana adabu, hagongi ukuta kama wewe nikifungulia redio. Wakati mwingine naiongeza sauti makusudi, nasikiliza, hakuna anayegonga.

Wametupa fomu mpya, na za marehemu zinajazwa pia kwa ajili ya warithi. Yako nimeijaza kwa mkono uleule. Pale penye swali lile nimeandika Kambi ya Chini, hapahapa petu, kwa herufi kubwa. Jumatatu naipeleka, na sitanyanyuka kwenye lile benchi mpaka waigonge muhuri mbele yangu. Hilo nakuahidi.

Lala, shoga yangu. Uko kwenu.

Zaina