Pardon Kumi na Moja

Makomeno, Lubumbashi
Tarehe 19 Julai 2025

Mpendwa Mama mdogo Madeleine,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Ndola, na kwamba goti lako sasa linakuacha ulale. Sisi hapa hatujambo. Mama anakohoa kidogo kwa vumbi na baridi ya Julai, lakini sokoni anaenda kila siku na hataki mtu amwambie apumzike. Uniwie radhi kwa kukaa kimya tangu Pasaka.

Mama mdogo, nimefaulu. Nilitaka kuificha habari hii mpaka mwisho, nimeshindwa. Ule mtihani wa kusema Kiingereza mbele ya walimu watatu, ulionirudisha mwaka jana kwa saba juu ya ishirini, safari hii umenipa kumi na sita. Ningeanguka tena, ningetolewa kwenye idara ya Kiingereza chuoni.

Unanijua nilivyokuwa. Kwenye harusi ya binti yako Mwape niliombwa niwasalimu wakwe kwa Kiingereza, nikakimbilia jikoni kuosha sahani. Wewe ndiye uliyenifichia aibu, ukawaambia jino linaniuma.

Mwaka huu mwalimu wetu, Madame Clotilde, alitupanga wanne wanne. Kila Alhamisi mmoja anasema dakika kumi, wenzake wanaandika. Akimaliza, yeye kwanza anaeleza alivyojiona, kisha wenzake wanasoma walichoandika. Mimi niliwekwa na Djo, Abigaël na Chola. Siku yangu ya kwanza nilieleza kwamba shida yangu ni kukosa maneno. Chola akafungua daftari lake.

"Maneno uko nayo, Kangwa," akasema. "Lakini uliomba pardon mara kumi na moja. Haukukosa hata kitu, unaomba pardon ya nini?"

Nilikasirika, sikufichi. Nilirudi nyumbani kwa miguu, na wiki mbili sikumsalimu. Nilijihesabu mtoto aliyelelewa vizuri, naye ananisomea makosa mbele ya watu. Ndipo Djo akanipa nisikilize sauti yangu, aliyokuwa ameinasa kwenye simu. Nikahesabu mwenyewe. Zilikuwa kumi na tatu. Chola alikuwa amenihurumia.

Basi nikarudi kwenye mazoezi. Zamu ya Chola ilipofika nikamwambia anaongea na dari. Alicheka, akakubali, na Alhamisi iliyofuata akatutazama usoni. Hapo nikaelewa kwamba naye hakuwa ananidharau. Pardon zangu zikashuka: nane, tano, mbili. Abigaël akawa ananipigia makofi kwa kila moja niliyoiacha, mpaka mlinzi akatutoa darasani.

Siku ya mtihani nilizungumzia wanawake wa Sakania wanaouza ng'ambo ya mpaka, huko kwenu, zile habari zako za kuelewana na wateja kwa vidole na vicheko. Katikati profesa mmoja akanikata, akasema haamini kwamba mtu anaweza kuuza bila lugha. Mama mdogo, nilisikia pardon ikinipanda kooni. Chola alikuwa amekaa safu ya pili ya wasikilizaji, kalamu mkononi, tayari kuandika. Nikaimeza. Nikamwambia profesa kwa Kiingereza, taratibu, kwamba jibu lake linakuja na anisubiri nifike hapo. Akasubiri. Profesa mzima, akaninyamazia mpaka nikamaliza.

Nilipotoka nje nililia, halafu nikasonga bukari ya watu wawili, nikaila peke yangu.

Desemba tutakuja kwa ubatizo wa mtoto wa Mwape. Wakitafuta mtu wa kusema kwa niaba ya ukoo wetu, nitaje mimi. Jino limepona.

Nisalimie Baba mdogo, Mwape na mtoto, na mdogo wake Bwalya umwambie viatu alivyosahau hapa bado viko chini ya kitanda changu. Mama na mdogo wangu Nono wanakusalimu sana. Mungu akufunike kwa mkono wake na akurudishie goti la ujana.

Mwanao akupendaye daima,
Kangwa

N.B. Chola amesoma barua hii kabla sijaifunga, amehesabu pardon moja, ile radhi ya pale juu kabisa. Nimemwambia hiyo aiache. Hiyo nilikosa kweli.